Moja Mara Tatu

Aliniambia kiuno.
Mkono wake ulianzia kitovuni, ukateremka,
ukasita juu ya goti, ukarudi kujificha ndani ya kanga.
Nikaandika: kiuno.
Mtu wa umri wa bibi yangu angemtajiaje kijana
mahali panapounguza akienda haja?
Lugha yetu ina mapazia,
naye aliyashusha yote kwa heshima yangu.
Mimi nikaliona pazia, nikalipima urefu,
nikaliandikia dawa.

Nje, benchi lilijaa hadi mlango wa maabara.
Arobaini na wawili. Nilikwisha kuwahesabu
kama mtu anavyohesabu madeni.

Wiki ya pili mkojo wenyewe ukasema
alichoshindwa kusema mwenyewe.
Nikaandika 1×3 juu ya kibahasha, nikapiga mstari,
nikatamka bila kuinua macho:
kimoja, kutwa mara tatu, baada ya kula.
Na maji, bibi. Kunywa maji mengi.
Somoe binti Chilumba akaitikia, "Ewaa,"
na mimi, mtoto wa Muleba,
niliyeingia Newala pamoja na ukungu wa Juni,
nikadhani ewaa ni kuelewa.

Wiki ya tatu akarudi anatetemeka.
Akafungua pindo la kanga, vidonge vikamwagika mezani,
vingi mno kwa siku zilizopita.
Nikapandisha sauti. Benchi zima likanyamaza.
Kwenye faili nikaandika kwa herufi kubwa
HAFUATI MASHARTI
na kalamu ikatoboa karatasi.

Fatu Nalinga, anayepiga deki,
akasimama mlangoni.
Hakunitazama. Aliongea na ndoo yake:
"Dokta, muulize anakula mara ngapi."

Nikauliza.
Bi Somoe akamgeukia Fatu,
Fatu akalitia swali langu katika Kimakonde,
ingawa lilikuwa Kiswahili chepesi kabisa.
Nadhani hakulitoa kwenye Kiswahili.
Alilitoa kwenye ukali.

"Mara moja," akasema bibi. "Jioni. Ming'oko, ikipatikana.
Ulisema baada ya kula, mwanangu.
Sikutaka kuidanganya dawa."

Na maji?
Maji hupanda kutoka bondeni kwa bodaboda,
na bei yake hupanda kuliko bodaboda.
Ndoo moja, watu watano, siku mbili.
"Nilikunywa mengi," akasema,
akanipimia kikombe kwa vidole:
nusu.

Chuoni walitufundisha kuusikiliza moyo
kwa mpira uliochomekwa masikioni.
Hawakusema kwamba ukishauchomeka
husikii kingine chochote.

Nikaburuta kiti hadi upande wake wa meza.
Kilipiga kelele sakafuni kama mbuzi.
Fatu akafunga mlango, yeye akiwa ndani.
"Sasa niambie wewe, bibi. Panapouma, kwenu panaitwaje?"
Alicheka kwanza, kiganja mdomoni.
Kisha akapataja.
Neno lenyewe sitaliandika hapa.
Alinipa mimi, hakuwapa ninyi.

Tukatafuta dawa isiyodai sahani.
Tukapanga saa kwa adhana, si kwa chakula:
alfajiri moja, magharibi moja, basi.
Akanirudishia maelezo yote kwa maneno yake,
na maneno yake yalikuwa mafupi kuliko yangu
na hayakuacha kitu.

Sitajisifu. Jana tu nilimkata kauli
baba mmoja wa Mkunya katikati ya "lakini,"
kwa sababu saa tisa ilishapita
na jenereta lilikuwa linakohoa.
Ile lakini yake nimelala nayo.

Faili la Bi Somoe lipo kabatini.
HAFUATI MASHARTI nimeikata kwa mstari,
ila wino wa serikali hauna haya,
bado unasomeka.
Chini yake, kwa herufi ndogo, nimeongeza:
Hula mara moja.
Wakati wa kuondoka aliniuliza
kama mimi nimekula.